Fedha ya Zamu, Mguu wa Mtoto: Manufaa na Wajibu katika Kuamua Lililo Jema

Tuchukulie kwamba yuko kijumbe, yaani mshika fedha, wa mchezo wa kuchangiana na kupokea kwa zamu wa wanawake kumi na wawili huko Manzese, Dar es Salaam. Kila Ijumaa jioni kila mwanachama humletea shilingi 50,000 taslimu, naye Jumamosi asubuhi humkabidhi mwenye zamu shilingi 600,000 zote kwa pamoja. Wiki hii mwenye zamu ni mama muuza chapati, ambaye mwenye nyumba wake amekwisha kumwambia waziwazi kwamba kodi ya miezi sita isipoonekana Jumamosi hiyo, vyombo vyake vitatolewa nje. Ijumaa saa nne usiku mtoto wa jirani wa kijumbe anagongwa na bodaboda, mguu unavunjika vibaya, na hospitali aliyokimbiziwa inataka shilingi 400,000 za kuanzia kabla ya kumwingiza katika chumba cha upasuaji. Wazazi wa mtoto hawana kitu. Mwenye zamu amezima simu. Fedha zimo ndani ya kopo la maziwa juu ya kabati. Je, kijumbe azichukue?

Nimekiuliza kisa hiki barazani na kwenye kijiwe cha kahawa, na nimeona kwamba jibu hutangulia, sababu ikafuata ikichechemea. Wapo wanaosema bila kusita kwamba mguu wa mtoto haulinganishwi na kodi ya nyumba: kodi huombewa siku, mfupa hauombewi. Wapo wanaosema, kwa uhakika uleule, kwamba fedha ya mchezo ni amana, na kwamba anayegawa amana ya mwenzake kwa huruma bado amegawa kisicho chake. Kinachonivutia zaidi ni kwamba mara nyingi mtu mmoja huyasema yote mawili kabla kikombe chake hakijaisha. Falsafa imeyapa majibu haya majina na karne kadhaa za mabishano. La kwanza limekuzwa na nadharia ya manufaa, la pili na nadharia ya wajibu. Kuyaelewa kunahitaji kwanza kuyaondolea makosa ambayo kila upande umeupakazia mwenzake.

Nadharia ya manufaa ilipewa umbo lake linalojulikana zaidi na Jeremy Bentham, mwanasheria wa London aliyeishi kati ya 1748 na 1832, katika kitabu alichokitoa mwaka 1789 kuhusu misingi ya maadili na utungaji wa sheria. Hoja yenyewe ni fupi kuliko vitabu vilivyoandikwa kuihusu: tendo huwa jema kwa kadiri linavyoongeza furaha na kupunguza maumivu ya wote linaowagusa. Ukoo wa mtendaji, cheo chake, ahadi aliyoitoa jana, vyote vina uzito pale tu vinapobadilisha yatakayotokea kesho. Bentham alitaja hata mambo ya kuangaliwa wakati wa kupima: raha au maumivu hayo ni makali kiasi gani, yatadumu muda gani, yana uhakika gani, yako karibu au mbali, yatazaa mengine ya aina yake au la, yamechanganyika na kinyume chake kiasi gani, na yatawafikia watu wangapi.

Mizani hiyo ikiwekwa mbele ya kijumbe, upande mmoja una maumivu makali, ya sasa hivi, yaliyo karibu na uhakika, na ambayo yasipotibiwa yatazaa mengine: ulemavu, shule iliyokatika, mzazi anayeacha kibarua ili auguze. Upande wa pili una hofu, aibu, na uwezekano wa kutolewa nyumbani, mambo ambayo yanaweza kupunguzwa kwa kuzungumza na mwenye nyumba, kwa kukopa, kwa kulipa kidogo kwanza. Wahenga hawakumsoma Bentham, lakini waliposema heri nusu shari kuliko shari kamili walikuwa wameshika mizani ya namna hiyohiyo. Bentham mwenyewe aliifuata hesabu yake mpaka kaburini, au tuseme mpaka mahali pa kaburi, kwa sababu hakuzikwa: aliusia mwili wake upasuliwe kwa ajili ya elimu ya tiba, na mifupa yake iliyovishwa nguo ingali imehifadhiwa katika chuo cha University College London. Kwa sisi tunaofunga duka kwenda kumzika hata mtu tuliyekuwa tukisalimiana naye tu njiani, wasia huo unaonyesha nadharia hii inaweza kumpeleka mtu umbali gani na desturi akiifuata bila kugeuka nyuma.

Kuna kosa moja ambalo nadharia hii hubebeshwa kila siku mjini kwetu, nalo ni kuichanganya na usemi wa wengi wape. Wengi wape ni kanuni ya kura. Manufaa ni kanuni ya uzito. Fikiria daladala ya kwenda Mbagala yenye abiria arobaini wenye haraka, na mzee mmoja mwenye fimbo anayetaka kushuka kituoni. Konda, akiwa anakimbizana na gari la nyuma, anamwambia atashukia mbele. Abiria arobaini wameokoa dakika moja kila mmoja. Mzee amepewa kilomita nzima ya kutembea juani kwa magoti mabovu. Kura ingempa konda ushindi. Bentham asingempa, kwa sababu dakika arobaini zilizotawanyika katika vichwa arobaini haziumi wala haziponyi, ilhali kilomita ile yote inabebwa na mwili mmoja. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba mwenzake mmoja lazima aumie kwa sababu wengine ni wengi hajapiga hesabu ya manufaa. Amehesabu vichwa tu.

Aliyefuata baada ya Bentham, John Stuart Mill, aliongeza kwamba raha hutofautiana kwa ubora pia, si kwa wingi peke yake, na mwaka 1861 akaitetea nadharia nzima katika maandishi ambayo bado ndiyo yanayofundishwa zaidi. Lakini msomaji wa Dar es Salaam ana sababu ya kumtazama Mill kwa jicho la pili. Alifanya kazi katika ofisi za kampuni ya Kiingereza iliyoitawala India kwa takribani miaka thelathini na mitano, na katika kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu uhuru, kitabu ambacho kimewapa hoja watetezi wengi wa haki, aliandika pia kwamba utawala wa mabavu ni halali kwa watu aliowaona hawajastaarabika, mradi lengo liwe kuwaendeleza. Simtaji kwa ajili ya kumsuta marehemu. Namtaja kwa sababu kisa chake kinaonyesha mahali ambapo hesabu ya manufaa huvuja: mwenye kalamu ndiye anayeamua nini kiandikwe kuwa faida, na wanaoandikwa mara nyingi hawamo chumbani.

Upande wa pili una mtu mmoja ambaye hakuna anayeweza kumkwepa. Immanuel Kant alizaliwa mwaka 1724 na kufa mwaka 1804 katika mji wa Königsberg wa Prussia, mji ambao leo unaitwa Kaliningrad na umo ndani ya Urusi. Katika kitabu kidogo na kigumu cha mwaka 1785 alitoa mfano ambao mtu yeyote wa uswahilini ataufahamu: mwenye duka anayemuuzia kila mtu kwa bei ileile, kiasi kwamba hata mtoto aliyetumwa sukari hapunjwi. Je, mwenye duka huyo ni mwema? Kant anajibu kwamba bado hatujui. Huenda hapunji kwa sababu mtaa mzima utajua na wateja watahamia duka la pili. Huyo anafanya lililo sawa, lakini anafanya biashara. Tendo huwa na thamani ya kimaadili pale linapofanywa kwa sababu ni wajibu, hata siku ambayo hakuna anayeona na faida iko upande wa kupunja.

Na wajibu unajulikanaje? Kant alitoa vipimo ambavyo aliviona kuwa sura mbalimbali za amri moja isiyo na masharti. Cha kwanza kinakutaka uitamke kanuni unayoifuata moyoni, kisha ujiulize kama unaweza kutaka kila mtu aifuate. Mfano wake mwenyewe ni wa mtu anayekopa kwa ahadi ya kulipa huku akijua hatalipa: kila mkopaji akifanya hivyo, neno ahadi litakosa maana, na hapo hata uongo wake mwenyewe hautafanya kazi. Kanuni ya kijumbe wetu ingekuwa hivi: nitatumia amana niliyoshikiwa kila nitakapoona haja iliyo kubwa kuliko ya mwenyewe. Kila mshika amana mjini akiishika kanuni hiyo, hapatakuwa na amana, bali patakuwa na michango ya dharura inayogawiwa na mwenye funguo, na hakuna muuza chapati atakayempa mtu huyo shilingi 50,000 kila Ijumaa.

Kipimo cha pili ndicho ninachodhani kinatua kwa urahisi zaidi katika lugha yetu, kwa sababu neno ambalo Wajerumani hulitumia na ambalo Waingereza huhangaika kulieleza, sisi tunalo tayari: utu. Kant anasema uutendee utu, ndani yako na ndani ya mwingine yeyote, siku zote kama lengo, kamwe usiufanye chombo tu. Neno ‘tu’ hapo ni muhimu, kwa maana kila mmoja wetu humtumia mwenzake: abiria humtumia dereva, dereva humtumia abiria, na hakuna aliyedhulumiwa kwa kuwa kila mmoja amekubali akijua. Dhuluma huanza pale mtu anapoingizwa katika mpango ambao hakuulizwa na hakuweza kuukataa. Muuza chapati, usiku ule simu yake ilipokuwa imezimwa, aligeuzwa kuwa mfadhili wa matibabu bila kuwa na habari. Mtu atasema: angeulizwa angekubali, ni mama na yeye. Yawezekana kabisa. Ila Kiswahili chenyewe kinatenganisha angekubali na amekubali, na mwenye kuamua juu ya mali ya mwingine hana ruhusa ya kulifanya la kwanza kuwa la pili kwa sababu usiku umekuwa mwingi.

Haitoshi kusema kwamba Kant ni mtu wa makatazo. Aligawa wajibu sehemu mbili. Upo wajibu kamili, kama wa kutodanganya na kutimiza ahadi, ambao hauna nafasi ya kusema leo nimechoka. Na upo wajibu wenye nafasi, kama wa kuwasaidia wenye shida, ambao mtu hawezi kuukataa katika maisha yake yote lakini anayo hiari ya kuchagua amsaidie nani, lini, na kwa kiasi gani. Waislamu watakumbuka hapa mgawanyo wa faradhi ya aini na faradhi ya kifaya, ambapo ya kwanza humfunga kila mtu nafsi yake na ya pili, kama sala ya maiti, wakiitimiza baadhi huwaondolea wengine mzigo. Mgawanyo huo si sawasawa na wa Kant, kwa sababu unauliza nani atabeba na yeye anauliza kuna hiari kiasi gani katika kubeba, lakini yote miwili inakataa wazo kwamba kila jema lina uzito wa aina moja. Na hata neno maslahi, ambalo magazeti yetu hulitumia kila siku katika maslahi ya umma, lilipita katika vitabu vya fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, kabla ya kufika katika hotuba za mawaziri. Huko lilifuatana na kanuni kwamba kuondoa madhara hutangulia kuleta manufaa. Tunaoandika kwa Kiswahili hatuanzi mjadala huu mikono mitupu.

Sasa nadharia ya wajibu nayo ina shimo lake, na Kant mwenyewe alilichimba. Mwaka 1797 alichapisha insha fupi akijibu hoja ya Mfaransa Benjamin Constant. Rafiki yako amejificha ndani kwako, muuaji anabisha hodi na kuuliza kama yumo. Je, unaweza kusema hayumo? Kant alishikilia kwamba hata hapo uongo haufai. Wanaomfuata wametumia zaidi ya miaka mia mbili kumtetea, wengine wakisema kwamba aliruhusu kunyamaza, wengine kwamba kanuni ya tendo ilipaswa kutamkwa kwa namna nyingine, na ni dalili mbaya kwa nadharia yoyote inapohitaji mawakili wengi kiasi hicho kwa swali ambalo bibi yeyote wa Kariakoo angelijibu kabla ya kufungua mlango.

Waliokula kiapo cha mwanachama wa TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, wanaikumbuka ahadi isemayo: nitasema kweli daima, fitina kwangu mwiko. Angalia maneno daima na mwiko. Hayo ni maneno ya Kant, hayana mlango wa nyuma. Lakini yaweke kwenye jambo linalotokea katika wodi zetu kila wiki. Mzee ana saratani iliyosambaa. Watoto wake wanamvuta daktari pembeni na kumwomba: mzee asiambiwe, mwambie ni vidonda vya tumbo. Sababu zao ni za manufaa na ni za mapenzi: akijua atakata tamaa, atakataa kula, atakufa mapema. Huenda ni kweli. Ila katika hesabu hiyo kuna kitu ambacho hakikuandikwa, nacho ni kwamba miezi ile ni ya mzee. Ana deni la kulipa Ilala na la kudai Kibaha, ana shamba ambalo watoto wa mama wawili watalipigania, ana mtu wa kuombana naye radhi. Akidanganywa, siku zake zinatumiwa na wengine kwa mpango wasiomwonyesha. Hapo naona Kant ana nguvu kuliko alivyokuwa nazo mlangoni kwa muuaji, na sababu ya tofauti hiyo si ngumu: muuaji anataka ukweli ili aumalize utu wa mwingine, mzee anautaka ili aumalizie wake.

Vitabu vingi vinavyolinganisha nadharia hizi huanza na behewa lililokatika breki, ambalo litawaua watu watano usipoligeuzia njia yenye mtu mmoja. Mwanafalsafa Philippa Foot ndiye aliyeuleta mfano huo mwaka 1967. Nimeuacha makusudi mpaka hapa, kwa sababu una hila ndani yake. Unakupa uhakika. Unajua watakufa watano, unajua atakufa mmoja, na huna la kufanya ila kuvuta mkono wa kugeuza njia. Maisha hayatoi taarifa za namna hiyo. Kijumbe hajui kama daktari wa zamu yupo, kama mguu utapona hata baada ya upasuaji, kama wenye nyumba wanatisha tu au wanatenda, kama wazazi wa mtoto watarudisha fedha mwezi huu au kamwe. Usilolijua ni usiku wa giza, na kijumbe anapiga hesabu zake katika usiku wa aina mbili.

Giza hilo ndilo lililowafanya baadhi ya wafuasi wa manufaa waiache hesabu ya tendo mojamoja na kuhamia hesabu ya kanuni. Wao hawaulizi tendo hili la leo litaleta nini. Wanauliza kanuni ipi, ikifuatwa na watu kwa jumla, italeta mema mengi zaidi. Mabadiliko haya yanaonekana madogo, ila yanageuza kesi yote. Mchezo unaishi kwa jambo moja, imani kwamba zamu ikifika fedha itakuwepo. Hakuna mkataba, hakuna dhamana, hakuna hakimu. Wanawake wengi mjini hapa wamesomesha watoto, wamenunua cherehani na majokofu kwa imani hiyo, na thamani yake haionekani kwa sababu imetandazwa katika maelfu ya Jumamosi ambazo hakuna kilichoharibika. Kijumbe akiigusa mara moja kwa sababu njema, hata mwenye zamu akisamehe, wengine kumi watajiuliza sababu njema ijayo itakuwa ya nani. Hivyo mpima manufaa aliye makini anafika karibu sana na mlango wa Kant, ingawa amepita njia nyingine: mmoja anasema amana isiguswe kwa kuwa ni ya mtu, mwingine anasema isiguswe kwa kuwa tukianza kuigusa sote tutaumia.

Karibu, lakini si ndani. Tofauti inabaki, na inaonekana vizuri zaidi tunapotoka kwenye kopo la maziwa kwenda kwenye mambo ya serikali, ambako hesabu ni kubwa na wanaolipa ni wengi. Desemba 2011 mafuriko yalilipiga jiji hili na kuua watu, na bonde la Msimbazi, pale Jangwani, lilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia. Familia nyingi za mabondeni zilihamishiwa Mabwepande. Sioni namna ya kuibeza hesabu ya uamuzi huo: maji hayajadili, na mtoto anayelala bondeni wakati wa masika yuko hatarini kila mvua inapokaza. Hata hivyo mtu aliyekuwa akiishi Jangwani alikuwa akitembea kwa miguu kwenda Kariakoo kutafuta riziki, na kutoka Mabwepande riziki hiyohiyo inadai nauli na saa za safari kila siku. Hesabu ya uhai imetoka vizuri. Swali la wajibu linaanza baada ya hapo: huyu aliyehamishwa kwa faida yake na ya jiji anadai nini, na anamdai nani?

Katiba yetu ya mwaka 1977 imejaribu kuzibeba sauti zote mbili. Ibara ya 24 inampa kila mtu haki ya kumiliki mali na inakataza kumnyang'anya bila sheria inayoweka fidia inayostahili. Ibara ya 30 inasema haki hizo zisitumiwe kwa namna itakayovuruga haki za wengine au maslahi ya umma. Msomaji wa haraka ataona mgongano. Mimi naona kwamba waandishi walijua kuwa dola haiwezi kuendeshwa bila kupima manufaa, na wakaona pia kwamba kupima kukimalizika lazima pawe na mtu anayeandikiwa hundi. Fidia ni neno la kuchunguza. Haimwambii mtu kwamba hakupoteza; inamwambia kwamba alichopoteza kimehesabiwa kuwa deni la wale waliofaidika.

Tuna historia inayoonyesha kinachotokea neno hilo linapokosekana. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere aliandika kwamba watu hawaendelezwi bali hujiendeleza wenyewe, na kwamba hakuna wa kulazimishwa kuingia katika kijiji cha ujamaa. Miaka mitano baadaye chama chake, TANU, kiliamua watu wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji kufikia mwisho wa mwaka 1976, kuhamia vijijini kukawa amri, na Operesheni Vijiji ikawahamisha mamilioni ya watu, baadhi yao baada ya nyumba zao kubomolewa au kuchomwa. Hoja za manufaa hazikuwa za uongo: huwezi kupeleka shule, kisima na zahanati kwa kaya zilizotawanyika kilomita tano moja kutoka kwa nyingine, na elimu ya msingi ilipanuka kwa kasi kubwa katika miaka hiyohiyo. Mabishano ya barazani kuhusu operesheni ile huwa ni kama shule zililipa gharama ya nyumba, na mazungumzo yakiishia hapo yanakuwa yamekwisha kukubali kwamba suala ni hesabu tu. Mzee aliyeacha migomba na makaburi ya wazazi wake huenda mjukuu wake ni daktari leo. Hilo halijibu kwa nini hakuulizwa.

Ninaposema hivi sitaki nieleweke kwamba wajibu unaweza kujitegemea. Mill alimshika Kant mahali pazuri aliposema kwamba kipimo cha kanuni ya watu wote, ukikifuata mpaka mwisho, kinaishia kuonyesha tu kwamba matokeo ya kila mtu kufanya hivyo yasingependwa na yeyote. Pia wajibu wa kusaidia hauna macho bila hesabu; anayetaka kutoa shilingi 100,000 kwa wenye njaa na hataki kujua itawafikia wangapi hana wajibu, ana mazoea. Lakini deni ni la pande zote mbili. Hesabu ya Bentham inasimama juu ya sharti kwamba kila mtu ahesabiwe mmoja, tajiri wa Masaki sawa na mpiga debe wa Buguruni, na sharti hilo halikutokana na hesabu yoyote. Huwezi kujumlisha kabla hujakubali nani ni moja. Ukiuliza kwa nini mpiga debe naye awe moja kamili, utajikuta unasema kwa sababu ni mtu, na hapo umekwisha kuingia katika lugha ya utu. Kant mwenyewe, ni haki kusema, alishindwa kuifuata lugha hiyo pale alipoandika dharau juu ya watu weusi, ingawa mwaka 1795 alishutumu vikali jinsi Wazungu walivyojitwalia nchi za wengine. Kipimo alichokiacha kinamhukumu yeye pia, na huenda hiyo ndiyo sifa yake.

Mwandishi ambaye kwangu amelikaribia zaidi suala la kijumbe ni Mskoti W. D. Ross, katika kitabu cha mwaka 1930. Ross aliona kwamba tuna wajibu wa namna nyingi kwa wakati mmoja: kutimiza ahadi, kufidia tulichoharibu, kushukuru, kutenda haki, kusaidia, kujiboresha, kutodhuru. Kila mmoja unatufunga mpaka uzidiwe na mwingine, na hakuna fomula ya kuamua. Kinachobaki ni busara ya mtu aliyeitazama hali yake kwa makini. Wakosoaji wamemlaumu kwa kukosa kanuni, na wana haki ya kulaumu. Ila alisema jambo moja ambalo Bentham hakuwa na nafasi nalo: wajibu uliozidiwa haufutiki. Unaacha kitu nyuma, na kitu hicho lazima kishughulikiwe. Kiswahili kilikuwa na neno lake kabla ya Ross kuzaliwa, katika methali ambayo tumeizoea mno kiasi cha kutoisikia tena: ahadi ni deni. Deni halifi kwa sababu fedha imekwenda mahali pazuri zaidi.

Basi nikilazimishwa kujibu, nitasema kijumbe achukue zile 400,000. Najua hatari niliyoieleza kuhusu imani ya mchezo, na ninaamini mguu wa mtoto unaizidi kwa usiku huu mmoja. Lakini hesabu iliyomruhusu kuchukua haikumpa ruhusa ya kulala. Alfajiri, kabla muuza chapati hajawasha jiko, kijumbe awe amesimama mlangoni kwake na zile 200,000 zilizobaki, pamoja na cha kwake mwenyewe alichoweza kukiuza au kukikopa usiku huo, akiwa tayari kuongozana naye mpaka kwa mwenye nyumba. Aseme alichofanya bila kuanza na hali ya mtoto. Na asitangulize neno la ungekuwa wewe ungefanyaje, kwa sababu hakuwa yeye, na wala hakuulizwa. Amwambie: dada, nimetumia fedha yako, nimekuja unidai.